Tiba ya Viungo Ianzie Mlangoni pa Hospitali

Katika hospitali nyingi za umma nchini, ukiuliza idara ya tiba ya viungo iko wapi utaelekezwa nyuma. Utapita famasi, utapita eksirei, utakata kona penye jengo la kufulia mashuka, halafu itakubidi uulize tena. Hapo ndipo mahali pake katika ramani ya majengo na, nasikitika kusema, ndipo mahali pake katika fikira za wakubwa wanaopanga kazi. Mgonjwa hufikishwa huko baada ya wiki tatu au nne, wakati ambapo daktari wa upasuaji amekwisha kumaliza yake, plasta imekatwa, na goti limekauka mfano wa ukuni. Ndipo mtabibu wa viungo huambiwa amnyooshe.

Maoni yangu ni kwamba utaratibu huo umesimamishwa kichwa chini miguu juu. Mahali pa kwanza pa mtabibu wa viungo ni mlangoni, pale machela zinaposhushwa, usiku na mchana. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi, na kwa muda niliongoza kikosi cha watabibu saba katika kitengo cha majeruhi cha hospitali moja ambayo sitaitaja jina. Maskani yangu ni Kaaga, pembezoni mwa mji wa Meru, na wasomaji ninaowalenga zaidi leo ni walimu na wanafunzi, kwa sababu nitakazozieleza baadaye.

Kaaga ni mahali pa shule tangu enzi za wamisionari wa Kimethodisti. Saa moja asubuhi barabara hujaa sare za kila rangi, pamoja na vijana wa Chuo Kikuu cha Methodist cha Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2006. Katikati ya umati huo hupita bodaboda, nyingine imepakia watoto watatu na mikoba yao. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, nazo zikaenea hadi vijijini kama mvua ya masika. Mimi sizichukii pikipiki. Zimewafikisha hospitalini akina mama waja wazito kutoka pembe ambazo gari la wagonjwa halijapata kuziona. Hata hivyo, aliye kazini mlangoni pa hospitali usiku wa Ijumaa anaijua gharama yake: mguu uliovunjika chini ya goti, bega lililotoka mahali pake, kichwa kilichopiga lami bila kofia.

Si pikipiki peke yake. Huko Igembe vijana hupanda miti ya miraa alfajiri, wakati matawi yangali na umande, na baadhi yao huteleza. Upande wa Tharaka na Mbeere ni miembe. Isitoshe, kuna magari yanayokimbiza miraa kuelekea Nairobi kana kwamba yanafukuzwa, na kuna ile barabara ya Meru kwenda Embu yenye miteremko ambayo kila dereva wa hapa anaifahamu. Katika nchi nzima, barabara zetu zimeua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka katika miaka ya karibuni. Hesabu hiyo husomwa redioni. Waliovunjika wakaishi hawasomwi popote, ilhali wao ni wengi zaidi.

Sasa msomaji atauliza, mtu anatokwa damu, mtabibu wa viungo anatafuta nini hapo? Swali ni la haki. Damu kwanza, njia ya hewa kwanza, na hayo ni ya daktari na muuguzi. Lakini tazama kinachofuata baada ya nusu saa, damu ikiwa imezuiwa na dripu imetundikwa.

Chukua mbavu. Aliyevunjika mbavu nne anaogopa kukohoa kuliko anavyoogopa kisu cha upasuaji. Kila pumzi ndefu inamchoma, kwa hiyo anavuta pumzi fupi fupi za juu juu, na sehemu za chini za mapafu yake hazipati hewa. Vifuko vidogo vya hewa huko chini hujikunja na kufungana. Makohozi yanayopaswa kutolewa hubaki humo na kuwa shamba la vijidudu. Siku ya tatu joto la mwili linapanda. Siku ya tano ni nimonia. Na mzee wa miaka sabini aliyeingia kwa sababu ya mbavu anaondoka kwa sababu ya mapafu. Dawa ya maumivu ni lazima, na hapa nawaunga mkono madaktari wanaoitoa bila ubahili. Kinachobaki ni kazi ya mikono na maneno: kumkalisha mgonjwa wima, kumpa mto aukumbatie upande ulioumia, kumfundisha avute pumzi polepole hadi chini, aishikilie kidogo, kisha akohoe huku ameubana mto. Mara kumi kila saa akiwa macho. Hakuna mashine hapo, wala umeme. Lakini yapaswa kuanza usiku ule ule, kwa maana mapafu hayangojei zamu ya asubuhi.

Ama kuhusu uti wa mgongo, huko ndiko nilikojifunza maana ya kuongoza kikosi.

Kijana mmoja wa miaka kumi na tisa aliletwa kutoka Igembe, ameanguka kutoka juu ya mti wa miraa. Waliomleta walikuwa marafiki zake, nao walifanya yote kwa mapenzi: walimnyanyua kwa makwapa na miguu, wakamkalisha kwenye pikapu baina ya dereva na mwenzake, wakaja mbio. Alipofika hakuhisi chochote kutoka kitovuni kwenda chini. Je, mfupa ulikata uti pale chini ya mti, au uliukata njiani, gari lilipokuwa likiruka makorongo? Hakuna awezaye kujua.

Tulimtoa garini watu watano. Mmoja alishika kichwa na mabega, naye ndiye aliyehesabu. Watatu wakashika kiwiliwili na miguu upande mmoja. Wa tano akausukuma ubao chini ya mgongo. Alihesabu mtabibu mdogo kuliko sote, aliyekuwa na miezi minne kazini, na daktari bingwa alikuwa mmoja wa waliosubiri hesabu yake. Hiyo ndiyo kanuni: mwenye kichwa ndiye mwenye amri, na wengine wote ni mikono. Mwili hugeuzwa kwa pamoja kama gogo, bila kiuno kutangulia mabega. Kanuni hii ni rahisi kuiandika, lakini kuifanya iwe mazoea ya wahudumu waliochoka saa tisa usiku kulituchukua miezi mingi ya kujizoeza kwa kugeuzana sisi wenyewe sakafuni.

Yaliyofuata yalikuwa marefu zaidi. Mtu asiyehisi ngozi yake hajui kwamba amelala mahali pamoja mno. Uzito wa mwili huibana ngozi dhidi ya mfupa, damu haipiti, na baada ya saa chache nyama huanza kufa kimya kimya. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, wengi wa waliovunjika uti walikufa katika majuma au miezi michache, kwa vidonda vya malazi na maradhi ya mkojo, na madaktari waliona hilo ndilo jaala yao. Aliyewakatalia alikuwa Ludwig Guttmann, daktari wa Kiyahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1939. Mwaka 1944 alikabidhiwa wadi ya majeruhi wa uti huko Stoke Mandeville, Uingereza, naye akaamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, pasi na udhuru. Wagonjwa wakaacha kufa. Mnamo tarehe 29 Julai 1948, siku ya ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya London, aliwapanga wagonjwa wake kwenye viti vya magurudumu washindane kwa upinde na mishale. Mashindano yale ndiyo yaliyozaa Paralimpiki ya leo. Wanafunzi wanaoishangilia michezo hiyo kwenye televisheni nawaomba wakumbuke kwamba mzizi wake ni saa ya ukutani na wauguzi wanaogeuza watu usiku wa manane.

Kwetu wauguzi hawatoshi. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa arobaini hawezi kumgeuza mmoja wao kila saa mbili, hata awe malaika. Kwa hivyo tulimwendea mama wa yule kijana. Siku ya kwanza alinitazama kwa hasira.

"Daktari, mbona unamsumbua mtoto wangu? Si umwache apumzike?"

"Mama, akipumzika upande mmoja ataoza," nikamjibu, nikamwonyesha wekundu uliokuwa umeanza kwenye kisigino chake.

Hakusema neno. Alikuwa na simu ndogo, zile ziitwazo mulika mwizi, na mtabibu wetu mmoja akamtegea kengele ya kila saa mbili. Tulimfundisha aweke mto wapi na mkono wapi, na jinsi ya kuikagua ngozi kwa mwanga wa ile simu. Kijana alikaa nasi wiki tatu akisubiri nafasi Nairobi, kwenye hospitali ya kitaifa ya majeraha ya uti wa mgongo, ambayo ndiyo ya pekee ya aina yake katika hospitali za umma na ambayo vitanda vyake ni vichache. Miguu yake haikurudi, wala sikumpa mama yake matumaini ya uongo. Lakini aliondoka bila kidonda hata kimoja. Majirani zake wawili katika wadi, walioingia kabla ya kikosi chetu kuruhusiwa kufika mlangoni, walikuwa na mashimo mgongoni yanayoingia ngumi.

Kuhusu watoto walioungua nitasema kwa ufupi, maana ni habari inayoumiza. Mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto mkononi hukunja kiwiko na vidole, kwa kuwa hivyo ndivyo anavyopata nafuu. Mkao wa nafuu ndio mkao wa kilema. Kovu linapojifunga, mkono hubaki umekunjwa hivyo. Kipande cha plasta cha kuunyoosha mkono kikifungwa siku za mwanzo huweza kumwepusha na upasuaji wa miaka ya baadaye, na aliyeungua shingo hapewi mto wa kichwa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kizungu, na kwamba mgonjwa ni wa kulala. Imani ya kwamba kitanda ni dawa haikuwa yetu pekee. Mwaka 1947 daktari Richard Asher wa London alilazimika kuandika makala mazima katika jarida la madaktari wa Uingereza akiwaonya wenzake juu ya hatari za kumlaza mtu kitandani: damu kuganda miguuni, misuli kunyauka, mifupa kupoteza chokaa, mapafu kujaa. Ushahidi umeongezeka tangu hapo. Mwaka 2009 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa 104 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia huko Chicago na Iowa, Marekani. Wale waliofanyishwa mazoezi tangu siku za mwanzo, wangali na mipira kooni, 59 katika kila 100 waliondoka hospitalini wakijimudu wenyewe. Wenzao waliotibiwa kwa desturi ya kawaida walikuwa 35.

Walakini, naomba nisieleweke vibaya. Mwaka 2015 jarida hilo hilo lilitoa utafiti mwingine, mkubwa zaidi, wa wagonjwa 2,104 wa kiharusi katika nchi 5. Walioinuliwa kitandani mapema sana, ndani ya saa 24, na kwa wingi zaidi, walipona vibaya kidogo kuliko wale walioinuliwa kwa kiasi: baada ya miezi mitatu, 46 katika kila 100 walikuwa wazima au karibu na uzima, ikilinganishwa na 50 katika kundi la pili. Mbavu zataka haraka. Ubongo uliopata kiharusi wataka kiasi. Ndiyo sababu nasema anayehitajika mlangoni ni mtaalamu aliyesomea, ajuaye lini ainue na lini aache. Mwenye bidii tupu anaweza kudhuru. Na kwa kuwa nimetaja kiharusi: mgonjwa wake asivutwe kamwe kwa ule mkono uliolegea. Bega lisilo na misuli ya kulishikilia huteguka kwa mvuto mmoja, na maumivu yake hukaa miaka.

Narudi kwenye uongozi, kwani watu hudhani ni kutia sahihi ratiba. Jambo la kwanza nililokabiliana nalo lilikuwa heshima, tena ndani ya kikosi chenyewe. Wawili kati ya wenzangu walikataa kusukuma machela. Hiyo, walisema, ni kazi ya vibarua, wao wamesomea. Naliona hoja yao ina asili yake, kwa sababu taaluma iliyodharauliwa muda mrefu huogopa kudharauliwa zaidi. Hata hivyo sikukubaliana nao, wala sikubaliani nao leo. Kumhamisha mgonjwa kutoka garini hadi kitandani ndiyo taaluma yetu yenyewe. Anayejua jinsi mwili unavyobeba uzito ndiye apaswaye kuwa kwenye machela, na akiwa pale huona mengi: mguu mmoja umegeukia nje na ni mfupi kuliko mwingine, basi nyonga imevunjika, vidole havichezi, pumzi haiingii upande wa kushoto.

La pili lilikuwa usiku. Uongozi wa hospitali ile ulikuwa na ratiba ya saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, kana kwamba pikipiki nazo hupumzika wikendi. Niliandika barua tatu. Jibu nililopewa kwa mdomo lilikuwa kwamba masaji inaweza kungoja mchana. Mwishowe tulipewa ruhusa ya majaribio, bila marupurupu, na tukagawana usiku wa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Ilinibidi niamue ni nini tutakiacha mchana ili tuweze usiku, na niliacha wagonjwa wa maumivu ya mgongo ya muda mrefu wangoje zaidi. Walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Kiongozi wa kikosi kidogo hawezi kuwapa wote. Kazi yake ni kuchagua hadharani na kubeba lawama.

La tatu lilikuwa kalamu. Daktari akiandika katika faili neno moja tu, "fizio", amemwambia mtabibu nini? Tulikubaliana na madaktari waandike mfupa gani, unaruhusiwa kubebeshwa uzito au la, na tangu siku gani. Nasi tukawa tunaandika saa tuliyomwona mgonjwa, tulilolifanya, na tutakaporudi. Ugomvi mwingi wa wadini ulikwisha kwa kalamu, bila mkutano wowote.

Tarehe 24 Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru lilitumbukia kwenye bonde la mto Nithi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Kila hospitali ya ukanda huu ilijiuliza tangu siku ile ingefanya nini kama majeruhi wote wangefikishwa mlangoni pake kwa pamoja. Usiku wa namna hiyo upungufu mkubwa huwa wa mikono inayojua kushika, na wa vitanda. Wenye mivunjiko midogo, wenye vifundo vilivyoteguka, wanaweza kuangaliwa na mtabibu wa viungo peke yake. Tangu 1992 kuna kanuni zilizotungwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, za kuamua ni kifundo kipi kinahitaji eksirei: je, mtu anaweza kupiga hatua nne, je, akibonyezwa kwenye ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, huku au huku, anaumia? Zikiulizwa vyema, foleni ya eksirei hupungua na waliovunjika kweli hupita. Kisha huyo mwenye kifundo apewe magongo ya kipimo chake, yaliyo chini ya kwapa kwa upana wa vidole viwili au vitatu, afundishwe kuubeba uzito kwa viganja, kwa kuwa akiutundika mwili kwapani ataziua neva za mkono. Kitanda kimoja kimepatikana.

Sheria iko upande wetu, ila haijasomwa vizuri. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaeleza matibabu hayo ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitalini, kuituliza hali ya mgonjwa, na kumpangia uhamisho. Nauliza: je, hali ya mtu ambaye mbavu zake zimefungwa na mapafu yake yanajaa imetulizwa? Je, amehamishwa aliyekalishwa kwenye pikapu na uti uliovunjika? Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 imeunda hazina mahsusi ya dharura na magonjwa sugu na mahututi. Wanaokaa kupanga nini kilipwe na hazina hiyo wasiache tiba ya viungo ya saa za mwanzo nje ya orodha, kisha walipie kwa miaka vidonda na vilema vilivyotokana na kuiacha.

Sasa niwageukie walimu. Mwanafunzi akianguka vibaya uwanjani, wa kwanza kufika ni mwalimu wa michezo au wa zamu, wala si mimi. Nimeona shule kadhaa ambako desturi ni vijana wanne kumnyakua mwenzao mikono na miguu. Tafadhali, desturi hiyo ikome. Akilalamika shingo au mgongo, au akisema miguu ina ganzi, aachwe alipo, isipokuwa pana hatari kubwa zaidi kama moto, au hawezi kupumua. Mtu mmoja apige magoti nyuma ya kichwa chake akishike kisicheze. Asipewe maji. Itafutwe mikono mitano na ubao, hata mlango uliong'olewa bawabani unafaa, na mmoja ahesabu. Somo hili lachukua dakika arobaini kulifundisha, kipindi kimoja tu.

Mwalimu wa fizikia naye ana sehemu yake. Awaulize wanafunzi: mzee mwenye nyonga ya kulia inayouma, ashike mkongojo mkono gani? Darasa zima litasema kulia. Jibu ni kushoto. Tunapotembea, kila tunaposimama kwa mguu mmoja, misuli ya nyonga huvuta kwa nguvu ili mwili usiinamie upande usio na mguu, na kwa kuwa wenzo wake ni mfupi, kiungo hubanwa kwa nguvu inayofika mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wa mwili. Mkongojo ukiwa mkono wa pili una wenzo mrefu, hivyo msukumo mdogo wa kiganja huipunguzia misuli kazi kubwa. Hiyo ni hesabu ya mizani waliyokwisha kuifanya kidato cha pili kwa rula na vipande vya chuma.

Na wanafunzi waniulizao hapa Kaaga kama kazi hii inalipa, nawajibu kwamba tangu Sheria ya Watabibu wa Viungo ya 2014 inayo baraza lake la kusajili na kusimamia, kwa hiyo si tena kivuli cha taaluma nyingine. Yataka baiolojia, yataka fizikia, yataka mgongo wenye nguvu na ulimi wa subira. Nafasi za ajira serikalini ni chache, nami siwezi kuwaficha. Uchache huo ni uamuzi wa bajeti, na bajeti za hospitali zetu sasa hupangwa na kaunti, karibu nasi kuliko zamani.

Ombi langu kwa kaunti za Meru, Tharaka-Nithi na Embu ni dogo: mtabibu mmoja wa viungo mlangoni pa kila hospitali ya rufaa, kila usiku. Mgonjwa anayeletwa Ijumaa saa nne usiku mahali asipokuwapo mtu huyo atamwona wa kwanza Jumatatu saa mbili asubuhi. Hizo ni saa 58. Kama uti wake umekatika, alipaswa kuwa amegeuzwa mara 29.